Nambari ya Njia na Masafa Yake



Barabara kuu itokayo Dar es Salaam hukoma Tunduma, katika Mkoa wa Songwe uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Hatua chache mbele ni Nakonde, nchi ya Zambia. Mtu husimamishwa pale akaulizwa pasi yake, na lori hukaguliwa. Lakini mawimbi ya simu ya upepo hupita juu ya forodha bila kuulizwa na yeyote. Kwa ajili hiyo nataka kuwaeleza leo namna redio inavyopewa nambari, nayo ikaigeuza nambari ile kuwa masafa.

Katika mitambo ya zamani kila idara ilikuwa na masafa yake. Hawa walikaa kimya mchana kutwa, na wale wakasongamana. Mitambo ya kugawana njia iliondoa dhiki hiyo. Masafa machache huwekwa pamoja. Mwenye haja hupewa yaliyo wazi, naye amalizapo huyarudisha. Njia moja hutengwa kwa amri tu, na humo mtambo huziambia redio, "Hamieni njia 3600." Masafa yenyewe hautaji, kwa kuwa nambari ni fupi na amri ni nyingi.

Labda mtauliza, redio hujuaje 3600 iko wapi? Fikirini dereva aliyeambiwa forodhani aende lango la 7. Mwenyeji huhesabu kutoka upande wa barabara. Mgeni akihesabu kutoka upande wa pili atabisha lango lisilo lake hata usiku, wala hatafunguliwa. Basi redio nayo haina budi kujua hesabu yaanzia wapi, hatua moja ina upana gani, na sauti ya kwenda iko mbali kiasi gani na ya kurudi.

Chukueni mtambo uitwao TETRA, utumiwao na polisi wa nchi nyingi. Tuseme hesabu yaanzia megahezi 300, na hatua ni kilohezi 25. Hatua 3600 ni megahezi 90; jumla ni 390. Hapo ndipo mnara husemea, na redio ya mkononi hujibu megahezi 10 chini yake, yaani 380. Tena mtambo huo waweza kusogezwa nusu ya hatua, au robo. Fundi akilisahau hilo, redio husimama kizingitini, haimo ndani wala haiko nje.

Simu iliyo mfukoni mwa mbadilisha fedha pale Tunduma ni ndugu wa redio hizo. Katika mtambo wa GSM wa masafa ya 900, njia ni 1 hata 124, na hatua ni kilohezi 200 kuanzia megahezi 890. Njia ya 50, basi, simu husemea 900 na kusikilizia 945. Lakini tazameni njia ya 512. Kwetu, katika masafa ya 1800, simu husemea 1710.2, Marekani nambari ile ile ni 1850.2. Nambari ni moja, na kati yake pana megahezi 140!

Tanzania na Zambia huhesabu namna moja katika simu hizi, na hiyo ni heri. Taabu yao ni nyingine: minara ya pande mbili ikishika njia ya 50 pamoja, msemaji aliye katikati hasikii vema huku wala kule. Ndiyo maana mamlaka za mawasiliano, TCRA upande wetu na ZICTA upande wa pili, hazina budi kupatana.

Redio za idara na makampuni zina hatari zaidi, maana jedwali la hesabu hutiwa na fundi. Lori la mafuta likipinduka usiku, na askari wa zimamoto ana redio yenye jedwali la mtambo mwingine, taa yake itawaka kama kawaida, wala haijaharibika. Ila amri hataisikia. Na redio zilizokwisha kutumika ng'ambo huja na jedwali la huko. Anunuaye redio ya namna hiyo hana budi kwanza kupata leseni ya masafa kwa TCRA, kisha amwambie fundi amwandikie mwanzo wa hesabu, hatua, na umbali wa kwenda na kurudi, na karatasi hiyo ikae pamoja na leseni. Mafundi huhama, na redio hubaki.