Uwanja Ulio Wazi Si Uwanja Mtupu



Tumepewa heshima ya kusema machache katika maadhimisho haya. Elimu yetu ni ya sekondari. Iliyobaki tuliipata dukani. Kwa hiyo tutasema juu ya jambo tulijualo: bei ya kiwanja na thamani yake, ambavyo si kitu kimoja.

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu katika Mkoa wa Dar es Salaam watu wapatao milioni 4.36, ile ya 2022 ikahesabu milioni 5.38. Watu wote hao wanahitaji pa kulala, pa kufanyia kazi na pa kupita. Hatupingi ujenzi. Tumeuza saruji na nondo zaidi ya miaka thelathini, na riziki hiyo imewasomesha watoto wetu. Lakini nyumba isiyo na dirisha, hata ikiwa ya marumaru, haikaliki.

Tazameni Mnazi Mmoja. Wakoloni Waingereza waliliacha eneo lile wazi ili litenganishe Uhindini na Kariakoo, watu wasichanganyikane. Nia ilikuwa mbaya, lakini ardhi haikuwa na kosa. Baada ya uhuru, pale palipowekwa pa kututenga pamekuwa pa kutukutanisha: Mnara wa Mwenge umesimama pale, sala za Idi zimesaliwa pale, na mchovu yeyote hupata kivuli pasipo kuulizwa kabila lake. Lau pangejengwa, tungemeza kwa majengo nafasi ya kusahihisha kosa lile.

Tazameni pia Jangwani. Mto Msimbazi hushuka kutoka vilima vya Pugu hadi baharini, na bonde lake ndilo kitanda chake wakati wa masika. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa mto ziachwe bila shughuli za kudumu. Maji hayaisomi sheria hiyo, lakini huitekeleza.

Hata hivyo, tusiwanyoshee kidole wakazi wa mabondeni peke yao. Udongo hunywa mvua. Zege huisukuma kwa mwingine. Mwaka mmoja tuliusakafia ua wote wa ghala letu ili malori yasikwame. Mvua ya kwanza iliponyesha, maji yaliingia kwa jirani yetu, mama muuza chakula. Hakutushtaki popote. Alikuja mlangoni, akatuomba tumwazime ndoo. Hatujapata kuona aibu kama ile, na ndiyo inayotusemesha leo.

Babu zetu walipotoka Gujarat walikuwa na neno gauchar, yaani malisho ya ng'ombe wa kijiji kizima. Hata maskini asiye na shamba aliweza kumpeleka ng'ombe wake huko. Hayakuwa ardhi iliyosahauliwa. Yalikuwa ardhi iliyokubaliwa.

Sasa tuje nyumbani. Nyuma ya hekalu letu kuna uwanja. Mnajua kwamba lipo pendekezo la kujenga fremu za maduka pale, na kwamba wanachama watapiga kura mwezi ujao. Hoja ya wanaopendekeza ni ya kweli: paa linavuja, na kodi ya pango ingelipia ukarabati. Hatuwezi kuwabeza, maana miaka kumi iliyopita sisi ndio tungelileta pendekezo hilo.

Lakini uwanja ule haukai bure. Jioni watoto wa mtaa mzima hucheza mpira pale. Jirani akifiwa, turubai hutandazwa pale, na waombolezaji wa dini zote hukaa chini yake. Masika yakija, maji ya mtaa hutulia na kuzama pale. Fremu tukizijenga, paa litapona kwa kuwafurikisha jirani zetu. Na uwanja ukishajengwa, hakuna atakayevunja duka lenye mpangaji ili kuurudisha.

Tunaomba basi tupige kura uwanja ubaki wazi, na Bodi iombe mamlaka za mipango miji ziutambue hivyo katika ramani, ili watakaotufuata wasije wakashawishiwa. Na kwa kuwa maneno hayazibi paa, saruji na nondo zote za ukarabati zitatoka ghalani kwetu bila malipo. Wengine walete mabati, mbao na mafundi. Haba na haba hujaza kibaba.

Waasisi wa hekalu hili walituachia jengo na uwanja. Tusikabidhi nusu ya urithi huo.