Nasaba Iliyokatika Isiungwe kwa Uongo

Sifa njema zote ni za Allah, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Ndugu zetu katika imani, wapo wengi hapa Kasingirima ambao tukihesabu mababu twafika kwa wa tatu, kisha kimya. Katika karne ya 19 Ujiji ilikuwa kituo cha misafara iendayo pwani. Watu wa Manyema, ng'ambo ya ziwa, walifika hapa wengine wapagazi, wengine watumwa. Mtumwa alipewa jina jipya, kama Mabruki au Feruzi, na jina la baba yake likapotea. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922.

Wapo wanaoliziba pengo hilo kwa babu wa kubuni, hata wa Uarabuni. Hilo ni haramu. Suratul Ahzab, aya ya 5, yaamuru watu waitwe kwa baba zao. Wasiojulikana baba zao ni ndugu zetu katika dini. Ndipo Zaid, aliyetekwa utotoni akauzwa, akarejea kuitwa bin Haritha. Na Salim akaitwa maula wa Abu Hudhaifa. Salim huyo Mtume (s.a.w.) alimtaja miongoni mwa wanne wa kujifunza kwao Qur'ani.

Basi tuwaulize wazee, hasa bibi zetu, kabla hawajatutoka: jina la asili, kijiji, ukoo. Tuandike tulilosikia na aliyelisema. Pasipo jibu, tuache wazi, wala tusione haya.

Wabillahi tawfiq.