Pole na Kazi: Neno Tunalojinyima

Maneno ya muuguzi mstaafu mbele ya wakazi wa Kata ya Kihonda



Nimeombwa nizungumze juu ya uchovu. Si ule wa jioni unaoondoka kwa usingizi wa usiku mmoja, bali ule anaoamka nao mtu, akaenda nao kazini na kurudi nao nyumbani, mwezi baada ya mwezi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliueleza kuwa ni matokeo ya msongo wa kazi wa muda mrefu usiodhibitiwa, likautajia dalili tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi moyoni hata kuichukia, na kupungua kwa ufanisi. Halikuuita ugonjwa, ila liliuweka miongoni mwa mambo yanayoathiri afya.

Dalili hizo nazifahamu kwa mwili wangu. Kuna kipindi nilishika zamu za usiku mfululizo, na mchana nikimuuguza mama yangu mzazi. Usiku mmoja nilimfokea mama kijana aliyeuliza mara ya pili namna ya kumpa mwanawe dawa. Aliinamisha kichwa, akaondoka. Nilimkimbilia hadi langoni nikamweleza upya, maana dozi ya mtoto si jambo la kubahatisha. Lakini radhi sikumwomba. Kwa wiki kadhaa nikawa najishutumu: "Wewe si muuguzi." Shutuma hizo hazikunifanya muuguzi bora. Zilininyima usingizi, nikazidi kuwa mkali.

Mwenzangu mmoja mtu mzima aliniona, akaniuliza: "Mwanangu, angefanya haya mwenzako, ungemwambia nini?" Nikajibu: "Ningempa pole, akae kwanza, apumzike, kisha amtafute yule mama amwombe radhi." Akasema: "Basi jiambie hayo hayo."

Ndugu zangu, sisi ni watu wa kupeana pole. Tukimpita fundi juu ya ukuta, au mama lishe mbele ya moto, twamwambia "Pole na kazi" hata kama hatumjui jina. Mtu pekee tunayemnyima neno hilo ni nafsi zetu. Maji ya Bwawa la Mindu yanapopungua, hakuna anayekwenda kulitukana bwawa. Twauliza kama mvua imenyesha Uluguru, na kama vyanzo vya Mto Ngerengere vimetunzwa. Lakini nguvu za mtu zikipungua, yeye mwenyewe hujiita mvivu, wala haulizi chanzo.

Wapo watakaosema huku ni kujidekeza. Sivyo. Anayejidekeza hulikwepa kosa lake. Anayejihurumia hupata ujasiri wa kulitazama. Mimi nilimwomba radhi yule mama alipomrudisha mtoto kliniki, na nisingeweza kufanya hivyo nikiwa bado najichukia. Mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, Kristin Neff, aliyeandika juu ya jambo hili mwaka 2003, alilipa nguzo tatu: kujitendea wema badala ya kujihukumu, kukumbuka kwamba udhaifu ni wa wanadamu wote, na kuyatambua maumivu bila kuyakuza wala kuyaficha.

Kwa matendo, nguzo hizo si ngumu. Jioni, kabla ya kulala, taja lililokulemea: "Leo nimechoka, nimekasirika." Kumbuka kwamba katika mtaa huu huu wapo wengine wenye mzigo kama wako. Kisha jisemeshe kama unavyomsemesha jirani aliyefiwa au aliyeuguza. Mwisho, chagua jambo moja dogo la kutenda kesho: kulala mapema, kukataa kazi ya ziada, au kumwomba ndugu akupokee mgonjwa kwa saa mbili.

Hata hivyo, huruma hii haimwondolei mwajiri wajibu wake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki, na likizo ya mwaka yenye malipo ya siku 28. Mfanyakazi wa kiwandani anayedai mapumziko hayo haombi fadhila. Mama lishe, dereva wa bodaboda na mkulima hawana mwajiri wa kuwapa likizo. Hao wajitengee siku yao, na familia iiheshimu.

Tena, yapo mambo yasiyotibika kwa maneno mema peke yake. Ukikosa usingizi kwa wiki mbili, ukaona pombe ndiyo faraja yako, au ukajiwa na mawazo ya kutaka kufa, usingoje. Nenda zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, au umwone afisa ustawi wa jamii. Mwenye mawazo ya kufa asiachwe peke yake; asindikizwe siku hiyo hiyo.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Nasi tusingoje nafsi zetu zianguke ndipo tuzihudumie. Usiku wa leo, kabla hujazima taa, jiambie lile ulilowaambia wengine mchana kutwa: pole na kazi.