Muhogo, Mgeni Aliyekuja na Sumu Yake



Katika nchi hii ya Samia, tangu Lumino hadi Majanji, ugali wa muhogo uliochanganywa na wimbi au mtama ndio chakula cha kila siku, na kijana akiulizwa husema kuwa ni chakula cha mababu tangu kale. Kwa wimbi na mtama amesema kweli, kwani nafaka hizo asili yake ni Afrika yenyewe. Ama muhogo ni mgeni. Asili yake ni Amerika ya Kusini, nao Wareno waliuleta pwani ya magharibi ya Afrika katika karne ya 16. Baadaye serikali ya kikoloni ikawahimiza watu wa Uganda kuupanda uwe akiba ya njaa, kwa kuwa hukaa ardhini miezi mingi bila ya kuoza, wala nzige hawaifikii mizizi yake. Hata ugonjwa wa batobato, unaoenezwa na nzi weupe, ulipoyaangamiza mashamba katika miaka ya 1990, watu hawakuuacha. Walitafuta mbegu mpya wakapanda tena.

Mgeni huyu alikuja na silaha yake. Ndani ya chembe za muhogo, hasa ule mchungu, mna kitu ambacho wataalamu hukiita linamarini. Chembe zikipasuka, linamarini hukutana na kimeng'enya kilichokuwa kimetengwa nayo, ikazaliwa sumu ya sianidi. Lakini sumu hiyo huchemka kwa joto la digrii 26 hivi, basi hupaa ikapotea hewani. Hapo ndipo ionekanapo hekima ya akina mama: huumenya muhogo, huulundika na kuufunika siku kadhaa hata ukaota ukungu, kisha huukwangua, huuponda na kuuanika juani. Mgeni wa mjini akilipita rundo lile hushika pua. Kumbe ukungu ule ndio uulainishao mzizi, sumu ikapata njia ya kutoka. Adhaniye kuwa moto wa jikoni watosha amekosea, maana moto hukiharibu kimeng'enya, na linamarini ikabaki katika chakula.

Shida huja mwaka wa ukame. Mwaka huo sumu huzidi ndani ya mzizi, na mwaka huo huo ndio watu wenye njaa huzifupisha siku za kuuvundika. Tena unga ununuliwao sokoni haumwambii mtu umetengenezwaje. Mwezi wa Septemba 2017, katika wilaya ya Kasese, watu 98 walidhurika kwa unga wa muhogo, wawili wakafa; habari zilianzia kwa watu waliokula pamoja mazikoni.

Yako pia madhara yajayo polepole. Huko Kongo kuna maradhi ya konzo, aliyoyaeleza daktari Trolli mwaka wa 1938: mtu hupooza miguu ghafula, wala haponi tena. Huwapata hasa watoto na wanawake walao muhogo usiotengenezwa vema kwa majuma mengi, bila ya kitoweo cha maana. Mwili huigeuza sianidi na kuitoa kwa mkojo, lakini kazi hiyo yahitaji salfa, nayo hupatikana katika nyama, samaki na kunde. Kwa hiyo mukene wa ziwani, ambao wengine huwadharau kwa udogo wao, wana kazi nyingine zaidi ya kuteremshia tonge.