Spana ya Kipimo na Jinsi ya Kuitunza

Wasikilizaji wetu, leo twapenda kuwaelezeni habari za chombo kimoja cha mafundi wa magari ambacho wengi hukiona wala hawakijui, nacho ni spana ya kukazia kwa kipimo. Nati ya gurudumu la lori ikikazwa kidogo, hulegea njiani. Ikikazwa kupita kiasi, boliti yake hurefuka, huchoka, na siku moja hukatika. Kwa mkono mtupu ni vigumu kukipata kiasi kilicho sawa, na ndiyo sababu spana hii ikafanywa.

Ndani ya mpini wake mna kamani. Fundi azungushapo kishikio, kamani hubanwa hata ifike namba aitakayo. Kisha akikaza nati na nguvu ikatimia, spana hulia, tika! Papo hapo na aache kuvuta.

Basi kamani hiyo ndiyo roho ya chombo, nayo ina tabia mbaya: ikikaa imebanwa kwa majuma na miezi, yaweza kulegea bila kutoa dalili yo yote. Mizani ya dukani ikipunja, mnunuzi hugombana. Lakini spana iliyopotoka hulia vile vile, tika, na fundi huenda zake ameridhika, na abiria hupanda gari.

Kwa hiyo, kazi ikiisha, irudishwe kwenye namba ya chini kabisa ya kipimo chake. Tusiilegeze kupita hapo, maana sehemu za ndani zaweza kuachana. Ipanguswe kwa kitambaa kikavu, ilazwe katika sanduku lake, mahali pasipo unyevu. Isitumbukizwe katika petroli ili kusafishwa, kwani mafuta yaliyomo ndani yataoshwa. Na wale waitumiao kufungulia nati zilizoshika kutu, au kupigia kama nyundo, twawashauri wanunue nyundo; bei yake ni nafuu zaidi.

Ikianguka sakafuni, tusiiamini tena mpaka ithibitishwe. Kanuni ya kimataifa iitwayo ISO 6789 yataka, pasipo utaratibu mwingine, ithibitishwe kila miezi 12 au kila ikiisha kukaza mara 5,000, lo lote litanguliapo.

Ninyi wanafunzi mwaweza kuijaribu kwa hesabu ya wenzo. Kibaneni kichwa chake katika jiriwa, mpini ulale sawa na ardhi, upande wa kukazia. Tuseme toka katikati ya kichwa hata katikati ya kishikio ni nusu meta. Tundikeni hapo, polepole, uzani wa kilo 20. Uzani huo huvuta kwa nyutoni 196. Mara nusu meta, ni nyutoni-meta 98. Spana iliyotegwa kwenye 98 yapasa kulia karibu na hapo. Ikilia kwa kilo 15, au ikinyamaza hata kwa kilo 25, irudisheni sandukuni, ipelekwe kwa wenye mashine ya kuthibitishia vipimo, wala msikazie nayo gurudumu hata moja.