Ekzosi Inayovuja: Mazungumzo na Waendesha Pikipiki wa Kigamboni



Pikipiki ya miaka kumi inapoanza kutoa mlio wa kupasuka kila unapoongeza mwendo, wengi huambiwa kwamba ekzosi imekufa, wanunue nyingine. Mara nyingi kilichokufa ni gasketi: pete ndogo, aghalabu ya shaba, inayokaa pale bomba linapoungana na injini. Kwa kijana anayepeleka hesabu kila jioni, tofauti ya bei kati ya vitu hivyo viwili si ndogo hata kidogo.

Injini ikiwa imepoa, kitazameni kiungo hicho. Masizi meusi yaliyotapakaa kandokando ni alama ya moshi unaotoroka. Kisha washeni injini mahali pa wazi. Mmoja azibe mdomo wa ekzosi kwa tambara nene lililoloweshwa, kwa sekunde chache tu, mwingine asikilize. Penye mwanya patasikika mfano wa mluzi.

Hapa kwetu upepo wa bahari una chumvi, na nati za ekzosi hushikwa na kutu kuliko za Dodoma. Msikubali zilazimishwe. Zipakwe mafuta ya kulegeza kutu, ziachwe usiku kucha. Boliti ikikatikia ndani ya injini, kazi ya pete hugeuka kazi ya kutoboa na kuchonga uzi upya. Pete iliyokwisha kutumika isirudishwe, kwa maana imeshabanwa. Nati zikazwe kwa zamu, kidogo huku, kidogo kule, na zikaguliwe tena baada ya injini kuwaka na kupoa. Bomba lililoliwa na kutu ni jambo jingine: tundu dogo huchomelewa, lakini bati likiisha, fundi anayeshauri ekzosi mpya anasema kweli.

Lipo jambo zito kuliko bei. Wapo wanaolaza pikipiki chumbani kwa kuogopa wezi, na alfajiri huiwasha mle mle ipate joto. Moshi wake una gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huweza kuua watu waliolala. Hata ekzosi isiyovuja haiondoi hatari hiyo. Itoeni nje kwanza, ndipo muiwashe.

Mkifika kwa fundi, kubalianeni bei kabla ya spana kushikwa, ombeni kipuri kilichotolewa, ombeni na risiti. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Aliyeuziwa ekzosi nzima ilhali iliyoungua ni pete anayo haki ya kulalamika, na shauri lake litakuwa jepesi zaidi akija na pete hiyo mkononi.