Tusingoje Jeneza: Hotuba ya Karani juu ya Maradhi ya Mishipa ya Ubongo

(Ilisomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa wanachama wa Kibera na Kawangware)



Kazi yangu katika chama hiki ni kuandika maneno ya watu wengine. Leo nimepewa ruhusa niseme yangu, nami nashukuru. Nitasema juu ya maradhi yaliyoingia nyumbani kwangu Kawangware, ambayo kwa muda mrefu niliyaficha hata kwenu. Wahenga walisema, Mficha maradhi kifo humfichua. Nimeona ni heri niyafichue mwenyewe.

Wengi wenu mnamjua binti yangu wa pili. Alizaliwa na ugonjwa wa selimundu, ambao wengine huuita sikoseli. Yaani chembe nyekundu za damu yake hujipinda kama mundu. Jioni moja, alipokuwa na umri wa miaka minane, alikuwa akipuliza makaa ya jiko ili chai ichemke. Ghafula mkono wake wa kulia ulilegea, sufuria ikaanguka, na alipotaka kujieleza ulimi ukawa mzito. Nami, Mungu anisamehe, nilimkemea kwa uzembe. Akalia sana, na kadiri alivyolia ndivyo mkono ulivyozidi kulegea. Baada ya robo saa akawa mzima, tukalala. Jambo hilo likatokea tena mara mbili. Jirani mmoja alisema ni jini. Mwingine akasema mtoto anakwepa kazi. Mimi nikanyamaza kwa aibu. Mara ya nne mkono haukurudi.

Hospitalini walipiga picha za kichwa. Mishipa miwili mikubwa ipelekayo damu ubongoni, wa kulia na wa kushoto, ilikuwa imekonda mno chini ya ubongo. Mwili, ukitafuta njia nyingine, ulikuwa umeotesha vishipa vidogo vingi, kama watu wapitao vichochoroni barabara kuu inapofungwa. Katika picha vishipa hivyo huonekana kama moshi. Ndiyo sababu madaktari Suzuki na Takaku wa Japani, mwaka 1969, waliyaita maradhi hayo moyamoya, neno la Kijapani lililo karibu na moshi au ukungu. Ni maradhi adimu, na huwapata hata watu wasio na selimundu. Lakini selimundu nayo huweza kuiziba mishipa kwa namna iyo hiyo.

Daktari alinieleza jambo ambalo limenichoma moyo hata leo. Mtu akipumua kwa nguvu na kwa haraka, kama apulizapo moto au aliapo, hewa chafu iliyomo damuni hupungua upesi, na mishipa ya ubongo hujikaza. Kwa mtu mwenye afya si neno. Kwa mwenye mishipa iliyokwisha kukonda, sehemu ya ubongo hukosa damu. Basi siku ile jiko lilianza, na ukali wangu ukaongeza.

Wako watakaouliza ni nani aliyemroga. Hakuna. Mtoto hupata ugonjwa wa selimundu kwa kurithi kwa baba na kwa mama pia. Wala asilaumiwe mama peke yake. Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyelelewa hapa Kenya, alipima damu za watu wa nchi hii, akaona alama ya selimundu imeenea pwani na kando ya Ziwa Victoria, na ni chache milimani. Mwaka 1954 alieleza kwamba airithiye kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani juu ya malaria. Kwa hiyo wengi wetu ambao wazee wetu walitoka kando ya ziwa tumekuja nayo Nairobi damuni mwetu, bila kosa la mtu.

Habari njema pia ziko. Mwaka 1998 ilithibitishwa Marekani kwamba mtoto mwenye selimundu, ambaye mishipa ya kichwa chake imepimwa kwa mawimbi ya sauti na kuonekana ina hatari, akiongezwa damu kila mara, hatari ya kiharusi hupungua zaidi ya tisa katika kumi. Tena mwaka 2019 ulitangazwa utafiti uliofanywa Kilifi, Uganda, Kongo na Angola, ulioonyesha kwamba dawa ya haidroksiyurea huwafaa watoto wetu: maumivu, malaria na vifo vilipungua.

Binti yangu sasa anaandika kwa mkono wa kushoto. Hapulizi jiko, wala puto, wala filimbi. Hunywa maji mengi. Akilia, mmoja wetu huketi naye mpaka atulie. Mwalimu wake amekwisha kuelezwa. Anaishi, Bwana Mwenyekiti, na anacheka.

Nina maombi matatu. Kwanza, mkiona uso umepinda, mkono umelegea, au maneno yamepotea, hata kwa dakika tano tu, mpelekeni mtu hospitali siku iyo hiyo. Pili, tuandike orodha ya wanachama wawezao kutoa damu. Mwanamume mwenye afya aweza kutoa kila baada ya miezi mitatu, na mwanamke kila baada ya minne. Mimi nimejiandika wa kwanza. Tatu, daftari niliandikalo mwenyewe laonyesha kwamba karibu fedha zetu zote hununua majeneza na kulipia magari ya kupeleka maiti mashambani. Sisemi tuache kuzika watu wetu kwa heshima. Naomba wazee mkubali sehemu ya fungu hilo imfikie mgonjwa angali hai.

Nilimkemea mtoto kwa sababu sikujua. Leo ninyi mmejua.